Nani aliwamaliza wanyama wote? Majibu kuhusu gemu za wengi za zama za mwanzo

Barua nyingi za safari hii zimekuja zikiuliza jambo lilelile kwa sura tofauti: kwa nini gemu za wengi mtandaoni zina kanuni za ajabu-ajabu? Ushuru sokoni, mazimwi wanaofufuka, mganga asiyetakiwa kutibu mapema. Karibu kila moja ina tarehe yake ya kuzaliwa, na karibu kila moja ilizaliwa baada ya mambo kuharibika.

Hapa kijiweni tumebishana. Mmoja anasema gemu ya kwanza ya wengi mtandaoni ni World of Warcraft, mwingine anashikilia Ultima Online. Aliyeshindwa analipa soda. Tupeni jibu. — Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

Lipianeni tu, maana mmekosa wote wawili. World of Warcraft ilifunguliwa Novemba 2004 na Ultima Online Septemba 1997. Kufikia hapo mambo haya yalikuwa na umri wa karibu miaka 20.

Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, alianza kuandika MUD (kifupi cha Multi-User Dungeon, jina lililokuja kuwa la gemu zote za maandishi za aina hii) kwenye kompyuta kubwa ya chuo aina ya PDP-10. Mwaka 1980 mwenzake Richard Bartle aliipokea na kuikamilisha. Haikuwa na picha hata moja. Unaandika neno la kwenda kaskazini, unasomewa chumba kinachofuata kina nini na kuna nani. Hazina uliyookota ulikwenda kuitupa kinamasini ili upate pointi, na hapo ndipo ilipojitokeza kasoro ya kwanza ya aina hii ya gemu: hazina zilikuwa na idadi. Wajanja wakishazizoa, aliyechelewa kuingia alitembea kwenye vyumba vitupu. Dawa yao ilikuwa kuurudisha ulimwengu mzima mwanzo kila baada ya muda. Ilikuwa dawa kali, lakini ilifanya kazi.

Ukitaka ya kwanza yenye picha, ubishi unaanza upya. Habitat ya Lucasfilm Games ilijaribiwa kuanzia 1986 kwenye Commodore 64. Neverwinter Nights ilikuwa kwenye mtandao wa AOL kuanzia 1991, na Meridian 59 ilifunguliwa Septemba 1996. Jambo moja ambalo kijiweni halisemwi ni bei. Huduma za zamani zilitoza kwa saa, kwa hiyo mchezaji alikimbizana na saa ya ukutani. Ultima Online ilitoza dola 9.95 kwa mwezi mzima. Kwa ada ya mwezi, faida ya kampuni ni wewe usimalize upesi. Ukiona gemu inakudai uue nguruwe mwitu 40 ili upande ngazi moja, kumbuka ada hiyo.

Sisi ni wanafunzi watatu, tunaunda gemu ya maandishi kwa Python. Watu wakiingia, mazimwi wanaisha ndani ya dakika chache. Tukiongeza, wanajaa mpaka seva inazidiwa. Tufanyeje? — Msomaji, Nakuru

Jibu lipo tangu 1991, na liliandikwa na wanafunzi kama nyinyi: watano, katika idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark. Gemu yao iliitwa DikuMUD, na Diku ni kifupi cha jina la idara hiyo. Waliugawa ulimwengu katika maeneo, na kila eneo likawa na faili la maandishi ya kawaida linaloeleza nini kizaliwe wapi. Katika matoleo yaliyotokana nayo, mstari mmoja unaonekana hivi:

M 0 3060 5 3001

M ni agizo la kuzalisha kiumbe. 0 maana yake usitazame kama agizo lililotangulia lilifanikiwa. 3060 ni namba ya aina ya kiumbe, 5 ni kikomo, na 3001 ni chumba. Wengi hukosea kwenye ile 5. Si viumbe watano chumbani, ni watano walio hai katika ulimwengu wote. Kama wanne wametangatanga hadi msituni na mmoja kafungiwa na mchezaji nyuma ya mlango, chumba 3001 kitabaki kitupu hata eneo lianzishwe upya mara mia. Basi kabla ya kulaumu kikomo, hesabuni walio hai na mtazame wako wapi.

Baada ya agizo la M huja maagizo ya kumvisha na kumkabidhi vitu. Hayo yawekeeni 1 badala ya 0, ili yafanyike tu kama kiumbe amezaliwa kweli. Mkiacha 0, programu itajaribu kumvisha upanga zimwi ambaye hayupo, na faili la makosa litajaa usiku kucha.

Kisha kila eneo lina umri kwa dakika, yaani muda wa kusubiri kabla halijaanza upya, na namna ya kuanza upya: 0 ni kutoanza upya kamwe, 1 ni kusubiri hadi eneo lisiwe na mchezaji, na 2 ni kuanza upya watu wawepo wasiwepo. Namna ya 1 inaonekana ya kiungwana lakini ina ubovu wake, kwa sababu mchezaji mmoja aliyeacha simu mezani akaenda kula analizuia eneo zima kufufuka. Namna ya 2 inamfufulia mtu joka mgongoni anapojifunga jeraha. Ushauri wetu ni namna ya 2 kwa nje na njiani, namna ya 1 kwa mapango yenye zimwi kubwa, pamoja na kumwondoa mtu asiyeandika chochote kwa dakika 15 hivi. Na umri usiwe namba kamili. Eneo likifufuka kila dakika 20 barabara, wachezaji wataikariri na watapanga foleni dakika ya 19. Ongezeni au punguzeni dakika 5 kwa bahati nasibu.

Kabla hamjavutiwa na wazo la kuacha maumbile yajiendeshe yenyewe, tazameni Ultima Online. Watunzi wake, akiwamo Raph Koster, walipanga kwamba wanyama wale majani, wanyama wawindaji wawale hao, na wawindaji wakikosa windo wasogee karibu na makazi ya watu. Kilikuwa kitu kizuri kwenye karatasi. Wachezaji walipoingia waliua kila kinachotembea kwa kasi ambayo mfumo haukuweza kuijaza, na hakukubaki mnyama wa kula wala wa kuliwa. Mpango ukaondolewa. Tatizo la pili halikuonekana kwa macho. Malighafi za ulimwengu zilikuwa na jumla iliyofungwa, kwa hiyo sufu iliyo kwenye shati ni sufu isiyoweza kuota kwa kondoo. Watu wakajaza masanduku vitu wasivyovitumia, na kadiri masanduku yalivyojaa ndivyo ulimwengu ulivyokauka. Hesabu iliyofungwa haiendani na binadamu anayeweka akiba.

Kwa nini gemu nyingi zinakata asilimia ukiuza kitu sokoni? Hela ni ya gemu, haina thamani, na bado wanatutoza. Huu si wizi? — Msomaji, Likoni, Mombasa

Wizi hapana. Ni mtaro wa kutolea maji.

Anza na Habitat, ambayo watunzi wake, Chip Morningstar na Randy Farmer, waliieleza kisa chake wenyewe. Kila mchezaji mpya alipewa tokeni 2,000, na 100 zaidi kila siku aliyoingia. Mjini kulikuwa na mashine za kuuza bidhaa, na upande mwingine mashine ya rehani iliyonunua vitu. Kwa makosa ya kupanga bei, mashine moja iliuza mwanasesere kwa tokeni 75 wakati ile ya rehani ilimnunua kwa 100. Nyingine iliuza tufe la kioo, lile la kupigia ramli, kwa 18,000, na rehani ikalipa 30,000.

Piga hesabu mwenyewe. Kila mzunguko wa wanasesere unakuongezea theluthi ya mtaji. Ukianza na 2,000, na kama ungeweza kubeba wote kwa pamoja, mizunguko 8 inakuvusha 18,000. Sasa unanunua tufe, na kila safari inakuachia 12,000 za bure. Kikomo cha kubeba kiliwachelewesha tu, hakikuwazuia. Wachache walikesha wakienda na kurudi, na asubuhi watunzi wakakuta fedha zote za ulimwengu zimekuwa mara tano ya jana yake.

Kasoro ya wazi kama hiyo inazibika kwa siku moja. Ile isiyo ya wazi ni kwamba gemu yoyote yenye mazimwi wanaodondosha sarafu inachapisha noti kila sekunde. Zimwi akifa, sarafu 12 ambazo hazikuwapo zimezaliwa. Wachezaji 1,000 wakiua mazimwi 100 kila mmoja kwa siku, ni sarafu milioni 1.2 mpya kila siku. Ukimuuzia mwenzako upanga, sarafu zimehama mfuko tu, hazijatoka duniani. Lazima pawe na mahali pa kuzifuta: ada ya kutengeneza silaha, nauli, kodi, na hiyo asilimia inayokukera. World of Warcraft katika miaka yake ya mwanzo ilikata 5% kwenye mnada wa upande wako (wachezaji wamegawanyika pande mbili zinazopigana) na 15% kwenye mnada wa pamoja. Sarafu hizo haziendi kwa mtu yeyote, zinafutwa. Bila hivyo mkongwe ana mamilioni, bei zinamfuata yeye, na mgeni hawezi kununua hata viatu.

Kwa mnaounda gemu, andikeni programu ndogo ya kukagua kila usiku. Ichukue kila bidhaa, itafute bei ya chini kabisa ambayo mashine yoyote inaiuza, na bei ya juu kabisa ambayo mashine yoyote inainunua. Ya pili ikiizidi ya kwanza, mlango uko wazi. Wengi husahau vitu vya kutengenezwa: vipande 3 vya chuma kwa sarafu 10 kila kimoja vikitoa kisu kinachonunuliwa kwa 35, ni mwanasesere yuleyule kavaa nguo nyingine.

Nimechoka kuuawa na kuporwa na watu walionizidi ngazi. Zamani ilikuwaje? — Msomaji, Arusha

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Katika Ultima Online ya 1997, ukitoka nje ya mji ulikuwa halali ya kila mtu, na aliyekuua alibeba ulichonacho. Ndani ya mji uliita walinzi na wakamuua mhalifu papo hapo, basi waporaji walisimama hatua moja nje ya mpaka wa walinzi. Hata mwenye gemu hakupona. Agosti 1997, wakati wa majaribio, Richard Garriott aliyekuwa mfalme wa ulimwengu huo kwa jina la Lord British aliuawa mbele ya wachezaji kwa karatasi ya uchawi wa moto, kwa kuwa kinga yake ya kutokufa haikuwa imewashwa.

Jaribio la kwanza la dawa lilikuwa namba ya sifa: ukitenda mema inapanda, ukiua watu inashuka. Wauaji wakagundua kwamba sifa inarudi kwa kuua mazimwi, kwa hiyo waliua watu asubuhi na kuoga jioni. Likaja la kuhesabu mauaji yenyewe: ukifikisha watano, jina lako linageuka jekundu na kila mtu ana ruhusa ya kukushambulia. Hilo lilisaidia, lakini si kwa mgeni asiye na upanga wa kumshambulia mtu mwekundu. Mwaka 2000 wakaugawa ulimwengu nakala mbili. Felucca ulibaki na kanuni za zamani, na Trammel ukawa mahali ambapo huwezi kumshambulia mtu asiyekubali. Wengi walihamia Trammel, na waporaji wakabaki wakitazamana. Bado wapo wanaosema hapo ndipo gemu ilipokufa. Sisi hatukubaliani nao, ila tunakiri kwamba msitu usio na hatari haukufanyi utembee na wenzako.

Bartle, yule wa Essex, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji ni aina nne, akawapa alama za karata. Uru hutafuta hazina na ngazi, shupaza huchimba kujua ulimwengu umeundwaje, kopa huja kwa ajili ya watu, na pau huja kupiga watu. Jambo la maana katika hoja yake ni namna wanavyovutana. Pau wakizidi, kopa wanaondoka wa kwanza. Kopa wakiondoka, soga zinaisha na wengine wanawafuata. Ukiona seva inakimbiwa, anza kuhesabu wauaji kabla ya kuongeza mapango mapya.

Mbona kila gemu inataka ngao, mganga na mshambuliaji? Nani aliamua? — Msomaji, Bujumbura

Hesabu ya chuki ndiyo iliyoamua. Mpangilio wenyewe ulianza kwenye MUD za ukoo wa Diku, kisha EverQuest, iliyofunguliwa Machi 1999, ikausambaza kwa maelfu. Kufanana kulikuwa kwingi kiasi kwamba mwaka 2000 watengenezaji wa EverQuest walitoa tamko la kiapo kwamba hawakutumia msimbo wa DikuMUD.

Kila zimwi ana daftari lake. Kila anayemgusa anaandikwa jina na namba, na zimwi humpiga mwenye namba kubwa. Tuseme ngao, yaani yule anayesimama mbele kupokea mapigo, anampiga kwa 20, anaandikiwa 20, kisha anamtukana na kuongezewa 200. Mshambuliaji anachoma moto wa 150, jumla ngao 220 na yeye 150. Mambo shwari. Akichoma tena upesi anafika 300, zimwi anageuka, na mchawi mwenye kanzu ya pamba hafiki pigo la tatu. Mganga naye anaandikwa, maana kumtibu adui wa zimwi ni uadui. Ndiyo maana mganga mgeni akitibu kabla ngao hajapiga hata mara moja, jina lake ndilo la kwanza na la pekee daftarini. Subirini ngao apige mara mbili au tatu, ndipo muanze. Wapo wanaouona ushauri huu kama uzembe, na ndio wanaozikwa mapema.

EverQuest ilikuwa na wa nne, mlaghai wa kichawi aliyewalaza mazimwi wengine wakati mnamshughulikia mmoja. Gemu za baadaye zilimpunguza, na hasara ni yetu. Tena ramani yake ilikuwa na mipaka ambayo mazimwi hawakuivuka, kwa hiyo aliyezidiwa alikimbilia mpakani na msururu wa mazimwi nyuma yake. Yeye akavuka salama, na msururu ukawageukia waliokuwa wamepumzika pale. Adabu ilidai upige kelele kwanza: treni inakuja.

Eti kuna gemu zinakupa pointi mara mbili kwa sababu ulilala? — Msomaji, Maskati

Ni kweli, na ni namba zilezile zilizogeuzwa jina. World of Warcraft ilipokuwa majaribioni, anayecheza muda mrefu alichoka na kupata nusu ya pointi. Watu walikasirika. Watunzi wakaita ile nusu kuwa ndiyo kawaida, asilimia 100, na ile ya awali wakaiita 200 ya aliyepumzika. Malalamiko yakaisha.

Nina simu ya Android na bando dogo. Naweza kuonja hizo za zamani? — Msomaji, Mtwara

Unaweza, na bando halitaisha. Herufi moja ni baiti moja, na maelezo ya chumba hayazidi herufi 600 kwa kawaida. Hata ukisomewa vyumba 2,000, ni kama MB 1.2. Weka programu ya Termux, andika "pkg install inetutils", kisha "telnet aardmud.org 4000". Hiyo ni Aardwolf, MUD ya ukoo wa Diku ambayo bado ina watu. Kwenye kompyuta tumia Mudlet, ni ya bure na ina ramani.

Laza simu upande, kwani maandishi yamepangwa kwa upana wa herufi 80. Ukiona alama za ajabu kama [0;32m ni rangi zisizoeleweka na programu yako, kwa hiyo zima rangi kwenye mipangilio ya gemu. Ukikaa kimya muda mrefu mtandao wa simu hukata, basi andika "look" mara moja moja. Telnet, njia hiyo ya kuunganisha, haifichi chochote njiani, kwa hiyo usitumie nywila ya barua pepe wala ya fedha.

Kuchelewa kusikutie hofu. Kabla kebo ya SEACOM haijafika pwani yetu Julai 2009, intaneti nyingi ya huku ilipita satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu. Ujumbe kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Gemu ya kulenga na kufyatua isingechezeka hivyo. MUD inaendesha vita kwa raundi za sekunde mbili tatu, na mikono yako inapiga yenyewe, kwa hiyo nusu sekunde inamezwa ndani ya raundi.

Na kuhusu kutoka: kwenye seva zilizobaki na kanuni za Diku ya zamani, ukiandika "quit" unaviacha vitu vyako vyote sakafuni. Tafuta nyumba ya wageni, mara nyingi iko jirani na hekalu unaloanzia, uliza bei kwa "offer", kisha andika "rent". Kodi inahesabiwa kwa siku. Sarafu zikiisha ukiwa hujarudi, vitu vinakwenda.